Tangi Liko Juu Kiasi Gani?

Wengi wetu tuliokulia katika miji ya Tanzania wakati maji ya bomba yalipokuwa ya kubahatisha tulijifunza kuoga kwa ndoo na kopo. Ndoo moja ya lita 20 ilimtosha mtu mzima, na mtoto alitengewa nusu yake. Hakuna aliyelalamika kwamba ndoo haina presha, kwa sababu nguvu ya maji ilikuwa mkononi mwa muogaji mwenyewe: akiinua kopo juu ya kichwa, maji yanashuka kwa kishindo na povu linaondoka, akilishusha hadi begani, yanateleza polepole na povu linabaki mgongoni. Kimo cha kopo ndicho kilichoamua. Ninaanza na kumbukumbu hii kwa sababu somo zima la bomba la mvua lilikuwa palepale kwenye kopo, nasi tukalisahau tulipohamia kwenye nyumba zenye bafu la vigae, shawa ukutani na tangi jeusi nje juu ya mnara.

Siku hizi malalamiko ni mengi, na mshtakiwa ni yuleyule. Mwenye nyumba ananunua kichwa kipya cha shawa, cha kubana matumizi ya maji, kwa nia njema ya kupunguza bili au kuokoa tangi lisiishe kabla ya mgao unaofuata. Anakifunga, anafungua koki, na maji yanatoka kama machozi. Fundi bomba akiitwa, dawa huwa moja: anafungua kichwa, anachokonoa ndani kwa bisibisi, anatoa kisahani kidogo cha plastiki chenye tundu katikati, anakitupa, kisha anasema tatizo limekwisha. Pengine limekwisha kweli, lakini mara nyingi maji yanaongezeka kidogo tu, na mwenye nyumba anabaki na kichwa kisichobana tena maji wala kumpa nguvu aliyoitaka. Ninachokishikilia hapa ni kwamba katika nyumba zetu zinazotegemea tangi, kichwa cha shawa kinatuhumiwa kuiba presha ambayo haikuwahi kukifikia. Anayetaka shawa yenye nguvu aanze kukagua kwenye tangi, ateremke na bomba, na kichwa akiguse mwisho, akiwa na kipimo mkononi.

Tuanzie kule vilikotungwa vigezo. Sheria ya nishati ya Marekani ya mwaka 1992, ambayo kwa upande wa shawa ilianza kutumika mwaka 1994, iliweka kikomo cha galoni mbili na nusu kwa dakika, yaani lita 9.5 hivi. Baadaye serikali ya huko ikaanzisha nembo ya hiari iitwayo WaterSense, ambayo kichwa hakiipati mpaka kiteremke hadi galoni mbili, sawa na lita 7.6. Namba za aina hiyo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi. Kisichosomwa na wengi ni sharti linaloandamana nazo: kikomo hicho kinapimwa maji yakiwa na presha ya pauni 80 kwa inchi ya mraba. Ukiigeuza presha hiyo kuwa kimo cha maji unapata mita 56. Ndiyo kusema, ili kichwa hicho kitoe lita zake 7.6 nyumbani kwako bila pampu, tangi lako lingepaswa kukaa juu ya jengo la ghorofa 18 hivi. Hata kipimo cha chini kabisa cha nembo hiyo, kile kinachohakikisha kwamba kichwa bado kinatoa maji ya maana presha ikishuka, ni pauni 20, sawa na mita 14 za maji.

Sasa tazama nyumba ya kawaida ya Kimara, Tegeta au Mbagala, jijini Dar es Salaam. Mnara wa tofali au wa chuma una mita 3. Tangi limekaa juu yake, na maji yanatokea kwenye tundu la chini. Kichwa cha shawa kimefungwa mita 2 kutoka sakafuni, kwa sababu aliye mrefu naye anataka kusimama chini yake. Kinachosukuma maji ni tofauti kati ya usawa wa maji tangini na kichwa cha shawa: mita 1 hadi tundu la tangi, na ziada ya kina cha maji yaliyomo. Tangi likijaa asubuhi, ziada hiyo inaweza kufika mita nzima au zaidi. Jioni, baada ya kufua na kupika, imekwisha. Ndiyo maana katika nyumba nyingi anayeoga wa kwanza hulisifu bafu na wa mwisho hulilaani. Kichwa kilichotungwa kwa mita 14 hadi 56 kimepewa mita moja au mbili, halafu tunashangaa kwamba kinadondosha.

Hesabu yake ilikwisha andikwa zamani. Mwaka 1644 Mtaliano Evangelista Torricelli alichapisha maelezo ya jinsi kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu inavyofuata kimo cha maji yaliyo juu ya tundu hilo. Kasi haiongezeki sawasawa na kimo. Inafuata kipeuo cha pili chake, yaani ili maji yatoke mara mbili ya kwanza, kimo lazima kiwe mara nne. Chukua kichwa cha tundu la kawaida kinachotoa lita 7.6 kwa mita 56. Kwa mita 4 kitatoa kama lita 2 kwa dakika. Kwa mita 1 kitatoa lita moja, na hapo hatujahesabu kinachopotelea njiani kwenye bomba. Lita moja kwa dakika ni kopo moja la kuogea likimiminwa kwa muda wa dakika nzima. Hakuna anayeweza kuondoa povu kichwani kwa maji hayo, na anayelalamika ana haki yake. Ila amekosea mlango wa kubisha.

Kanuni hiyohiyo inayotuumiza ina upande wake wa neema, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Kwa kuwa faida inafuata kipeuo cha pili, mita za mwanzo ndizo zenye tija kubwa kuliko zote. Nyumba yenye mita 1 tu juu ya shawa ikiongeza mnara kwa mita 3, inakuwa na mita 4, na maji yanaongezeka mara mbili. Ili yaongezeke mara mbili tena, ingebidi ifike mita 16, jambo ambalo hakuna mnara wa nyumbani utakaolifanya kwa gharama ya busara. Kwa hiyo mita 3 za nyongeza wakati wa ujenzi ni pesa iliyotumika vizuri sana, na zaidi ya hapo faida inaanza kupungua. Nasema wakati wa ujenzi kwa kusisitiza, maana tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na la lita 5,000 ni tani tano zinazoning'inia juu ya vichwa vya watoto wanaocheza uani. Mnara uliokwisha jengwa hauongezwi kwa kupachika tofali juu yake. Unataka msingi wake, nondo zake na fundi anayejua uzito anaoubeba.

Kwa nyumba ambayo mnara wake hauwezi kuongezwa ipo njia ambayo naona haipewi heshima inayostahili. Lile tangi kubwa liache chini, ambako ni salama na boza linalijaza kwa urahisi. Juu kabisa, kwenye slabu au kwenye mnara mwembamba uliojengwa kwa kazi hiyo tu, weka tangi dogo la lita 300 au 500 kwa ajili ya bafu peke yake. Pampu ndogo inalijaza mara moja kwa siku wakati umeme upo, na watu wanaoga saa yoyote hata umeme ukikatika. Wengi hawaamini kwamba tangi dogo linaweza kusukuma kuliko kubwa, kwa sababu jicho linaona wingi na kuudhania kuwa nguvu. Lakini ujazo hausukumi. Tangi la lita 500 na la lita 5,000, maji yake yakiwa kwenye usawa mmoja, yanatoa presha ileile. Tofauti ni siku ngapi yatadumu.

Hapo huja swali ambalo limewapotosha wenye nyumba wengi: mbona bomba la uani linatoka kwa kasi na lina tangi hilohilo? Swali ni zuri na jibu liko kwenye kimo. Koki ya uani iko nusu mita kutoka ardhini, shawa iko mita 2. Nyumba iliyokuwa na mita 1 ya msukumo kwenye shawa ina mita 2 na nusu kwenye koki ya uani, tena koki hiyo haina kichwa chenye vitundu, na mara nyingi imefungwa kwenye bomba fupi lisilo na kona nyingi. Kulinganisha viwili hivyo ni kumwonea mmoja. Lakini ulinganisho huo unatuachia jambo moja la kutumia leo bila kumwita fundi. Shawa ya mkono, ile yenye mpira, ikishushwa nusu mita katika nyumba ya msukumo wa mita 1, inaongeza msukumo kwa nusu yake na maji kwa kama asilimia 22. Mtu anayesuuza miguu na kiuno huku kichwa cha shawa kiko usawa wa kifua anapata maji mengi kuliko kikiwa kimening'inizwa ukutani. Ni kopo lilelile, ila safari hii kushuka ndiko kunakoleta nguvu.

Baada ya tangi linafuata bomba, na hapa wajenzi wanatugharimu bila sisi kujua. Bomba za PPR zinauzwa kwa kipenyo cha nje. Ile ya milimita 20 ya ukuta mnene, ambayo mafundi wengi huiita ya nusu inchi, ndani ina nafasi ya milimita 13 tu na ushei. Ile ya milimita 25, ya robo tatu, ndani ina milimita 16 na nusu hivi. Tofauti inaonekana ndogo kwa macho, lakini hasara ya msuguano kwenye bomba inabadilika kwa kasi kubwa mno kipenyo kinapobadilika: kwa kiasi kilekile cha maji, bomba ya robo tatu inapoteza karibu theluthi moja tu ya kile kinachopotezwa na ile ya nusu inchi. Katika nyumba yenye presha ya mita 40 hasara hiyo haisikiki. Katika nyumba yenye mita 2 ni sawa na kugawana sahani ya mwisho na mgeni asiyealikwa. Ongeza elbo moja baada ya nyingine, ongeza koki ya zamani ambayo hata ikifunguliwa yote maji yanapinda mara mbili ndani yake, ongeza bomba linalopanda darini kisha kushuka na kuacha hewa imejikunja juu, na msukumo wote umekwisha kabla ya kufika ukutani. Bomba kutoka tangini hadi bafuni liwe la robo tatu au inchi nzima, na lipunguzwe pale mwishoni tu. Njiani lisipande popote bila tundu la kutolea hewa. Na koki ziwe zile za robo mzunguko, ambazo zikifunguka njia inabaki nyoofu. Hayo yakifanyika kabla ya kupiga plasta yanagharimu kidogo. Yakifanyika baada ya vigae yanauma.

Nani basi ana kosa, tangi, bomba au kichwa? Kipimo kipo, na vifaa vyake viko katika kila nyumba. Chukua ndoo ya lita 10 yenye alama, au chora alama mwenyewe kwa kumimina chupa ya lita moja mara kumi. Fungua kichwa cha shawa kwa mkono, ukikishika kwa kitambaa ili usiparuze rangi yake, ukakiweka kando. Fungua koki yote, maji yaingie ndoo, na uhesabu dakika moja kwa saa ya simu. Tuseme yameingia lita 5. Rudisha kichwa, kaza, pima tena dakika moja. Yakiwa lita 4 na nusu, kichwa hakina hatia yoyote: kimepunguza nusu lita tu, na hata ukikitupa hutapata zaidi ya lita 5, kwa sababu ndizo zote ambazo tangi na bomba vinaweza kuleta. Lakini bomba tupu likitoa lita 10 na kichwa kikishusha hadi 3, hapo kichwa ndicho kinachobana, na una haki ya kukishughulikia. Kipimo hiki cha dakika mbili kingeokoa safari nyingi za dukani na vichwa vingi vilivyotupwa bila kosa. Ninashangaa kwamba mafundi wachache sana hukifanya, na wenye nyumba wachache zaidi huwadai wakifanye.

Hata kichwa kikionekana na kosa, ulizia kwanza umri wake. Kichwa kilichokuwa kizuri mwaka jana na leo ni dhaifu hakikubadilishwa na sheria ya Marekani, kimeziba. Sehemu nyingi za Dar es Salaam watu wanachanganya maji ya bomba na ya kisima, na visima vingi vina maji ya chumvi. Chumvi na chokaa huganda kwenye vitundu kama ukoko wa wali, na mchanga wa bomba hukaa kwenye kichujio kidogo kilicho kwenye shingo ya kichwa, mahali ambapo wengi hawajui kuwa kuna kichujio. Kitoe kwa ncha ya sindano, kikung'ute, kisuuze. Kichwa chenyewe kizamishe kwenye siki, au kwenye maji ya ndimu kama siki haipo, kwa saa moja au mbili, kisha sugua vitundu kwa mswaki wa zamani. Usikilaze humo siku nzima, maana tindikali inakula mng'ao wa nje. Vichwa vyenye vitundu vya mpira laini ni rahisi zaidi: unavipitishia kidole gumba na ukoko unabanduka. Ukipima tena kwa ndoo baada ya usafi, mara nyingi utaona lita ulizodhani zimekwenda na presha zilikuwa zimefungiwa ndani ya ukoko.

Turudi kwenye kile kisahani, kwa sababu hoja yangu haisemi kwamba kisiguswe kamwe. Kuna njia mbili za kubana maji, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza ni kukaba njia kabla ya vitundu: kisahani kinaua msukumo shingoni, na maji yakifika kwenye uso mpana wa kichwa hayana nguvu tena, yanadondoka. Ya pili ni kupunguza jumla ya nafasi ya vitundu vyenyewe, ili msukumo wote uliosalia utumike pale pale maji yanapotoka. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira anaijua njia hii ya pili: ukiziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole, maji yanapungua lakini yanaruka mbali. Sababu ni kwamba maji machache yanapita bombani, msuguano unapungua, na presha iliyokuwa ikipotelea njiani inafika hadi mwisho. Kwa hiyo katika nyumba ya tangi kichwa kidogo, chenye uso wa kiganja na vitundu vichache vilivyo karibu karibu, kinaweza kutumia maji machache na bado kikaosha vizuri kuliko lile sinia pana linaloitwa la mvua ya kitropiki. Sinia hilo ni zuri hotelini, ambako pampu inanguruma chini ya jengo. Nyumbani linagawa lita 4 kwa vitundu mia na kuacha kila kimoja na njaa. Vilevile viepuke vichwa vinavyojisifu kuchanganya hewa na maji. Havivuti hewa bila maji kupita kwa kasi, na kasi hiyo huna. Dukani, uliza presha ndogo kabisa ambayo kichwa kinaikubali. Kama boksi halisemi, tafuta kingine.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: kama kimo kidogo cha tangi kimekwisha bana maji, kwa nini kubana mara mbili? Si afadhali kisahani kitolewe, maana mnara wenyewe ni kisahani tosha? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Nyumba ambayo bomba tupu linatoa lita 6 au pungufu kwa dakika haina haja ya kisahani, na kukitoa humo hakuvunji nia ya kuokoa maji. Lita 4 kwa dakika kwa dakika tano ni lita 20, ndoo ileile moja ya utotoni. Tena shawa dhaifu mno haiokoi kitu, kwa sababu mtu anakaa chini yake robo saa akitafuta kumaliza povu, kisha anafungua koki ya chini ajaze ndoo. Lakini sikubali kukitupa. Kihifadhi kwenye kikopo pamoja na tepe nyeupe ya kufungia bomba. Siku mnara ukiongezwa, au pampu ikifungwa, au ukihamia nyumba yenye presha, kichwa kisicho na kisahani kinaweza kumwaga lita 15 kwa dakika, na dakika tano zako za kuoga zitameza karibu ndoo nne badala ya moja.

Kuna mahali ambapo kuongeza maji kuna gharama nyingine. Arusha, Iringa au Nairobi mwezi wa Julai, wengi wanaoga kwa kichwa cha umeme kinachopasha maji papo hapo. Vingi vya vichwa hivyo ni vya Brazil, nchi ambayo nyumba zake nazo hutegemea tangi la juu ya paa, ndiyo maana vinavumilia kimo kidogo kuliko vya Marekani. Kichwa cha wati 5,500 kikipitisha lita 4 kwa dakika kinaongeza joto la maji kwa karibu nyuzi 20 za Selsiasi. Kikipitisha lita 8 kinaongeza nyuzi 10 tu. Anayeongeza kasi ya maji huko anaongeza ubaridi, na hakuna ujanja wa fundi utakaoibadilisha hesabu hiyo. Tena kichwa cha umeme hakichokonolewi kwa bisibisi kabla ya kuzima swichi kuu ya nyumba. Umeme na miguu iliyolowa havina msamaha.

Watasema wengine kwamba yote haya ni mzunguko mrefu, nunua pampu ya kuongeza presha umalize kazi. Kwa anayeishi ghorofa ya juu kabisa, ambako tangi la paa liko mita moja na nusu juu ya shawa na hawezi kujenga mnara juu ya jengo la mwenzake, pampu ndiyo jibu sahihi na simpingi. Lakini pampu iliyofungwa kwenye bomba jembamba lililojaa elbo inatumia umeme kupambana na makosa ya mjenzi, na umeme ukikatika unarudi kwenye machozi yaleyale, safari hii ukiwa na povu usoni. Irekebishe njia kwanza, kisha pampu iwe ndogo. Na pampu ivute kutoka tangini, isivute kamwe moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Inayovuta bomba la mtaa inawanyonya majirani, na pale ambapo bomba hilo limepasuka ardhini inavuta na maji machafu ya mtaro yakaingia kwa wote.

Ninasisitiza kubana maji kwa sababu maji yetu hayana ziada. Dar es Salaam inategemea kwa sehemu kubwa mto Ruvu, na mwishoni mwa mwaka 2022 kina cha mto kiliposhuka, jiji liliingia kwenye mgao. Mwaka 2018 jiji la Cape Town liliwataka wakazi wake waishi kwa lita 50 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika, kufua na kuoga. Shawa ya lita 10 kwa dakika ingezimaliza zote kwa dakika tano. Marekani nao wamekuwa wakivutana juu ya vichwa vya shawa, kanuni ikilegezwa mwaka 2020, ikirudishwa mwaka 2021, na amri ya rais ya Aprili 2025 ikailegeza tena. Mabishano yale ni ya watu wenye mita 56 za msukumo. Tusiyaazime. Sisi tatizo letu liko kwenye mnara na kwenye bomba, na linatibika bila kumwaga maji.

Kwa hiyo, wewe unayejenga, mwambie fundi akuongezee mita 3 za mnara na akuwekee bomba ya robo tatu kabla hajapiga plasta. Na wewe ambaye vigae vimekwisha kaa ukutani, leo jioni kabla ya kuoga fungua kichwa cha shawa, weka ndoo chini ya bomba, hesabu dakika moja, uandike lita ulizopata. Ukishazijua, ndipo umwite fundi.